Saa ya Nyumbani Iwe Ndiyo Kipimo

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi, inapotimu saa kumi alfajiri Dar es Salaam, Uingereza na nchi zote za Umoja wa Ulaya husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati uleule, huzirudisha nyuma. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hakibadiliki kitu. Redio haitangazi, simu ya mkononi haigusi saa yake, na mama aliyeko Tanga hana sababu ya kujua. Anachojua yeye ni kwamba binti yake wa Birmingham humpigia kila Jumapili saa mbili usiku, watu wameshakula na wajukuu wameketi. Jumapili hiyo ya Machi simu inaita saa moja. Mama hayuko karibu nayo. Binti anapiga tena, kimya. Anampigia kaka yake, kaka anampigia jirani, na kabla saa mbili haijatimu nusu ya ukoo imeshaanza kuulizana kama mama anaumwa.

Hakuna aliyekosea hapo. Binti amepiga kwa saa yake ya siku zote, saa kumi na moja jioni, na mama amefuata ratiba yake ya siku zote. Kilichosogea ni saa ya Uingereza. Kwa familia za Afrika Mashariki, ambazo leo zimetawanyika kutoka Muscat hadi Minneapolis, jambo hili hujirudia mara mbili kwa mwaka, na kila mara huacha simu zilizopishana, mzee aliyekesha akingoja na lawama zisizostahili. Naamini linaepukika, na kanuni inayofaa ni moja: saa ya nyumbani iwe ndiyo kipimo cha miadi yote ya familia, na anayeishi katika nchi inayobadili saa ndiye afanye hesabu.

Kwa nini saa husogezwa

Kanuni hiyo inaanzia kwenye jiografia. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na mchana mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Nairobi, jirani kabisa na ikweta, tofauti hiyo ni dakika chache tu. Jua letu huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, ndiyo maana wahenga waliweza kuhesabu saa kwa kuanzia macheo na machweo. London, mchana wa Desemba hautimizi saa 8, na wa Juni hupita saa 16. Stockholm, mchana wa Desemba ni wa saa 6 hivi, na wa Juni ni wa saa 18 na ushei.

Mjenzi mmoja wa Uingereza, William Willett, alichapisha kijitabu mwaka 1907 akitaka saa zisogezwe wakati wa kiangazi, ili watu wasiwe wamelala jua limeshapanda. Alifariki mwaka 1915 bila kuona wazo lake likitekelezwa. Vita ndivyo vilivyolitekeleza: tarehe 30 Aprili 1916 Ujerumani ilisogeza saa ili kuokoa makaa ya mawe, Uingereza ikafuata wiki chache baadaye, na Marekani mwaka 1918. Tangu hapo kila upande umejiwekea tarehe zake. Marekani na sehemu kubwa ya Canada, tangu 2007, husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sydney na Melbourne, ambako majira yamegeuka, huzisogeza mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Aprili. Misri, iliyokuwa imeachana na utaratibu huu, iliurudisha mwaka 2023. Kwa hiyo kijana wetu anayesoma Al-Azhar ana saa ileile ya Nairobi wakati wa kiangazi, na yuko nyuma kwa saa moja miezi iliyobaki.

Wapo wanaotumaini kwamba mambo haya yataisha karibuni. Mwezi Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura kutaka yakomeshwe ifikapo 2021, lakini nchi wanachama hazikuafikiana na saa zikaendelea kusogezwa. Machi 2022 Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha muswada wa kubaki na saa ya kiangazi mwaka mzima. Baraza la Wawakilishi halikuupitisha. Familia haiwezi kupanga maisha yake kwa kungoja mabunge ya watu.

Hesabu zenyewe

Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa 3 mbele ya Greenwich, na zimekaa hapo kwa zaidi ya miaka 60. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, kuanzia Goma hadi Lubumbashi, ziko saa 2 mbele. Kinshasa iko saa 1. Kwa hiyo anayepiga simu kutoka Kigoma kwenda Bujumbura, miji miwili ya ziwa moja, tayari ana saa moja ya kukumbuka. Saudi Arabia, Qatar na Kuwait zina saa ileile ya kwetu. Oman na Falme za Kiarabu zimetutangulia kwa saa moja, India kwa saa mbili na nusu, China kwa saa tano. Tofauti hizi hazibadiliki katika mwaka. Ukishazijua mara moja, umemaliza.

Kazi iko kwa nchi zinazobadili saa. Tuchukue saa mbili usiku Dar es Salaam, wakati ambao watu wengi wa nyumbani wako tayari kupokea simu. Majira ya baridi, London ni saa kumi na moja jioni, Berlin saa kumi na mbili jioni, New York saa sita mchana, Minneapolis saa tano asubuhi na Seattle saa tatu asubuhi. Kiangazi, kila mji kati ya hiyo unaongeza saa moja. Phoenix haiongezi, kwa sababu sehemu kubwa ya jimbo la Arizona haibadili saa: pale ni saa nne asubuhi mwaka mzima. Sydney ni saa tisa usiku au saa kumi alfajiri ya siku inayofuata, kwa hiyo mwenye ndugu huko aisahau saa mbili usiku na badala yake apige saa tano asubuhi, ambapo Sydney ni saa kumi na mbili jioni au saa moja.

Hesabu hizi zinaeleza pia kwa nini ndugu wa Marekani huonekana kana kwamba hapatikani. Anayetoka kazini Dallas saa kumi na moja jioni wakati wa baridi anaiacha kazi Dar es Salaam ikiwa saa nane usiku. Jioni yake yote ni usiku wetu wa manane. Siku za kazi anabakiwa na nafasi mbili: asubuhi kabla hajatoka, ambapo saa kumi na mbili yake ni saa tisa alasiri kwetu, au usiku kabla hajalala, ambapo saa nne yake ni saa moja asubuhi kwetu. Kiangazi zote mbili zinawahi kwa saa moja kwa upande wetu. Kaka anayepiga saa moja asubuhi, watoto wanavalishwa sare za shule, huenda amekaa macho ili aisikie sauti ya nyumbani. Anastahili kujibiwa.

Wapo watu wa kwetu ambao hesabu hii wanaijua bila kufundishwa: wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa tisa alasiri London huonekana Nairobi na Dar es Salaam saa kumi na moja jioni msimu unapoanza, kisha, tangu mwisho wa Oktoba, saa kumi na mbili jioni. Katika karibu kila nyumba yupo kijana anayelijua hilo. Huyo ndiye wa kumwambia bibi kwamba wiki hii mpira umesogea, na simu ya shangazi wa Leicester nayo itasogea.

Wiki za katikati

Ugumu mkubwa unatokea pale ambapo mmoja kati ya Marekani na Ulaya ameshabadili saa na mwingine bado. Mwaka 2026 Marekani inasogeza saa tarehe 8 Machi na Ulaya tarehe 29 Machi. Mwisho wa mwaka Ulaya inazirudisha tarehe 25 Oktoba na Marekani tarehe 1 Novemba. Katika wiki tatu za Machi na ile moja ya mwisho wa Oktoba, tofauti kati ya London na Minneapolis, ambayo kwa kawaida ni saa 6, huwa saa 5.

Fikiria mama yuko Mombasa, mtoto mmoja London na mwingine Minneapolis, na wote watatu huzungumza pamoja kila Jumamosi. Wakiifuata saa ya London, siku Uingereza inapobadili saa wanahama wawili, mama wa Mombasa na mtoto wa Minneapolis, na huyu wa Minneapolis alikuwa ameshahama wiki tatu nyuma saa za Marekani ziliposogezwa. Wakiifuata saa ya Mombasa, mama hahami kamwe. Kila mtoto anahama mara moja tu kila msimu, siku ambayo nchi yake mwenyewe inabadili saa, siku ambayo habari za huko zinalitangaza jambo hilo na simu yake inajirekebisha. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuichagua saa ya nyumbani. Ndiyo pekee iliyosimama, na kinachosimama ndicho kinachofaa kuwa kipimo.

Mwaka 2025 jambo hili liliangukia sikukuu. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo Marekani ilibadili saa watu wakiwa katikati ya mfungo. Ulaya ikabadili tarehe 30 Machi, siku ambayo Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilisherehekea Idi, wakati Oman ilisherehekea tarehe 31. Familia yenye watu Jeddah, Muscat na London iliamka na siku mbili za Idi na saa iliyohama usiku uleule. Salamu za Idi kwetu hupokelewa kwa mpangilio, wakubwa kwanza. Simu ikichelewa kwa mkubwa wa ukoo, huonekana ni dharau hata kama ni saa iliyosogezwa.

Saa mbili ipi, usiku upi

Juu ya tofauti za nchi, sisi tuna hesabu yetu wenyewe. Mwandishi wa ujumbe "tuzungumze saa mbili" anamaanisha saa inayosomeka 20:00 kwenye simu, au 8:00 ikiwa ni asubuhi. Kwa aliyekulia Kilwa au Kitui hakuna utata. Kwa mjukuu aliyezaliwa Columbus, ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia nyumbani, saa mbili ni ile yenye tarakimu 2 kwenye kioo cha simu. Ameiandika hivyo kwenye kalenda, na anakaa akingoja wakati bibi ameshalala. Dawa yake ni kuandika yote mawili: saa 2 usiku, yaani 20:00, kwa saa ya Dar es Salaam. Mtaje mji kwa jina. Vifupisho vya majira vinavyotumika Marekani vinagongana na vya nchi nyingine, na watu wengi huendelea kuvitumia vya baridi hata kiangazi kimeingia. Jina la mji halikosei, kwa sababu simu na kompyuta zenyewe huzitambua kanuni za saa kwa majina ya miji.

Siku nayo inahitaji uangalifu. Kwa desturi ya pwani, siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Anayefuata kalenda ya ofisini anauelewa kuwa ni usiku unaoufuata. Dua iliyopangwa usiku wa Ijumaa inaweza kumpita aliyeko Toronto kwa siku nzima, akiwa na nia njema na kalenda mkononi. Magazeti yetu yamezoea kuandika usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Familia nazo ziandike hivyo, na ziongeze tarehe.

Saa sawa, nafasi tofauti

Kulingana kwa saa hakumaanishi kulingana kwa nafasi. Binti wa Mombasa au Tanga anayefanya kazi za ndani Riyadh ana saa ileile ya mama yake. Hata hivyo nafasi yake ya kushika simu huamuliwa na wenye nyumba, na huenda ikapatikana usiku wa manane, vyombo vya mwisho vikishaoshwa. Kumwambia apige mapema, kwa kuwa saa ni zilezile, ni kutokuyajua maisha yake. Huyu ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza, na nyumbani pawe na mtu mmoja aliyekubali kuamka kwa ajili yake.

Oman nako, ndugu zetu wengi wenye asili ya Zanzibar wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Jumapili, ambayo kwa Dar es Salaam na Nairobi ni siku ya mazungumzo marefu, Muscat ni siku ya kazi. Uingereza kuna wauguzi na watunza wazee wanaofanya zamu za usiku. Saa nne ya asubuhi kwao ndiyo saa ya usingizi mzito. Usiku wa mwisho wa Oktoba saa zinaporudishwa, aliye kwenye zamu hiyo huongezewa saa moja ya kazi, na Jumapili yake anaianza amechoka kuliko kawaida. Mama akilijua hili hatasema mwanangu amebadilika. Atangoja.

Lipo pia suala la simu za usiku. Kwetu, simu inayoita saa nane usiku ni habari ya msiba. Mzee huipokea moyo ukimdunda, na hata akisikia ni salamu tu, usingizi umeshakwenda. Anayetaka kupiga usiku wa nyumbani, kwa sababu yoyote isiyo ya dharura, atume ujumbe kwanza aseme yuko salama na apigiwe watu wakiamka. Ujumbe hauamshi mtu. Na dharura ikitokea kweli, iende kwa mtu mmoja aliyekubaliwa, kijana mwenye moyo mgumu kidogo, ambaye ndiye atakayeamua namna ya kumwamsha mzee.

Sauti kikaoni

Mambo haya yana uzito zaidi ya salamu. Siku hizi vikao vya harusi, vya matibabu na vya mirathi hufanyika kwa simu, na anayepanga saa ya kikao ndiye anayeamua nani atasikika. Kikao kikiwekwa saa tatu usiku Nairobi siku ya Jumanne, dada aliyeko Seattle yuko kazini asubuhi na hawezi kusema. Kitakachomfikia ni orodha ya michango. Nimeona familia zikimuumiza mtu kwa njia hii bila kukusudia: anaombwa fedha katika mambo ambayo hakuulizwa rai. Aliyechangia ana haki ya kusikilizwa, na haki hiyo huanzia kwenye saa ya kikao. Jumamosi saa mbili usiku huwakuta wengi Ulaya na Marekani wakiwa na nafasi. Ndugu wa Australia apewe muhtasari na siku mbili za kujibu kabla jambo halijafungwa.

Maziko ni magumu zaidi, maana hayangoji. Maziko ya baada ya swala ya adhuhuri Dar es Salaam huangukia alfajiri New York, na huenda mtoto wa marehemu asijue kabla kaburi halijafukiwa. Hapo mtu wa nyumbani anapaswa kumpigia na kumwamsha. Ni saa ambayo usingizi wa mtu hauna heshima kuliko haki yake ya kumwombea mzazi.

Najua wako watakaosema kwamba ndugu wa ughaibuni tayari wamebeba mengi, kodi, karo za wadogo zao na dawa za wazazi, na sasa wanaongezewa hesabu ya saa. Hoja hiyo ina haki yake. Lakini hesabu hii inamfuata mwenye habari, na mwenye habari ni yule anayeishi kwenye nchi inayobadili saa. Mzee wa miaka 75 wa Iringa hana pa kuisikia. Wajibu wa nyumbani ni mwingine: kuijua zamu ya mtoto, kuuliza saa gani analala, kutomsema kwa simu asiyoweza kuipokea, na kutompigia akiwa usingizini ili akate na kupiga yeye.

Basi familia yako iyafanye haya wiki hii. Chagueni saa moja ya nyumbani na siku moja, muiandike kwenye kundi la familia kwa saa ya Kiswahili, kwa tarakimu na kwa jina la mji. Kila aliye nje aiweke kwenye kalenda ya simu yake kama saa ya Nairobi au ya Dar es Salaam, nayo simu itamhesabia. Wiki moja kabla ya nchi yake kubadili saa, amwambie mama kwa maneno machache kwamba saa zetu huku zinasogezwa, ila mimi nitapiga saa ileile. Wazazi hawana wiki nyingi za kupoteza kwa simu zilizopishana. Anayeweza kuzuia hilo kwa ujumbe mmoja, autume.